Ustawi wa Jamii na Anthropolojia katika Kazi Moja ya Chuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi Wanaokuja Tanga

Msimu wa fildi ukifika, vijana wa vyuo hushuka stendi ya Kange na bahasha zao za barua za utambulisho. Wengine wamepangiwa ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri, wengine hospitali ya Bombo, wengine mashirika. Kabla hawajaondoka, wachache hunifuata na jambo lilelile: wamesomea ustawi wa jamii, lakini kilichowashika ni watu wenyewe, ndugu zao, mila zao, namna wanavyoyaeleza matatizo yao. Wanataka kujua kama mtu anaweza kuvishika vyote viwili na bado akawa mhadhiri. Wapo pia wanaotoka upande wa pili, waliosoma sosholojia na anthropolojia, ambao wamechoka kuandika shida za watu kisha wakafunga daftari wakaondoka. Ukurasa huu ni wa hao wote. Nafundisha ustawi wa jamii na utafiti wangu naufanya Tanga, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku.

Fani hizi mbili zinatofautiana wapi hasa?

Afisa ustawi wa jamii huanza na shida: mtoto kakimbia nyumbani, mzee katelekezwa, mama kapigwa. Anatakiwa ajue la kufanya, na mara nyingi alijue leo. Mwanaanthropolojia huanza na maisha ya kawaida. Anakaa na watu muda mrefu, anakula nao, anakwenda nao misibani na harusini, mpaka aelewe kwa nini jambo ambalo mgeni analiona la ajabu, wao wanaliona la kawaida kabisa.

Mizizi yao lakini inakaribiana kuliko vitabu vya darasani vinavyoonyesha. Upande wa ustawi wa jamii, mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walihamia mtaa wa wahamiaji maskini wa Chicago, wakafungua Hull House, wakaishi palepale na majirani zao. Upande wa anthropolojia, kati ya 1915 na 1918 Bronisław Malinowski alipiga hema kwenye visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea ya leo, na kujifunza lugha ya wenyeji. Wote waliona kwamba huwezi kuwajua watu ukiwa umeketi ofisini. Addams alihamia ili mtaa ubadilike. Malinowski alihamia ili aelewe. Anayeziunganisha fani hizi anayataka yote mawili.

Kwa nini nisiwe bingwa wa moja tu? Faida ya kuunganisha ni nini?

Nitaeleza kwa fomu, kwa sababu kila afisa anaijua. Fomu nyingi za ustawi wa jamii zina nafasi ya kuandika mkuu wa kaya na idadi ya wanakaya. Nilifuatana na mwanafunzi mmoja Ngamiani, Tanga mjini, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Tulimkuta bibi kakaa mkekani uani, ungo magotini, anachambua mchele. Mwanafunzi akamwamkia, akaketi, wakaulizana hali, kisha akatoa fomu.

“Bibi, mkuu wa kaya ni nani?”

“Mkuu wa nini, mjukuu wangu?”

“Yaani mwenye hii nyumba.”

“Nyumba ya marehemu babu yenu.”

“Na anayewalisha?”

“Mwanangu yuko Mombasa, akipata anatuma. Asipopata, mama mdogo wa huyu mtoto, hapo ng'ambo, analeta sahani.”

Mtoto aliyekuwa akifuatiliwa alikuwa analala kwa bibi, anakula kwa mama yake mdogo upande wa pili wa barabara, na madaftari anunuliwa na mjomba. Fomu ilitaka jina moja. Mwanafunzi akaandika la bibi kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Faili likawa linasema: mtoto analelewa na mzee asiye na kipato, kaya ya watu wawili. Mtu akilisoma ofisini ataona mtoto wa kupelekwa makao ya watoto. Aliyezoea kuuliza watu wa pwani wanapika jiko moja na nani, ataona watu wazima watatu wanaomlea mtoto huyo, na atajua wa kushikwa mkono kwanza ni mama mdogo, kwa kuwa chungu ni chake.

Hiyo ndiyo faida ya anthropolojia kwa ustawi wa jamii: inabadilisha uamuzi. Nayo faida ya upande wa pili ni kubwa vilevile. Mtafiti aliyeyajua hayo yote, akaandika makala nzuri kuhusu udugu wa pwani, na mtoto akabaki bila viatu vya shule, amefanya nusu ya kazi. Na hiyo nusu aliyoifanya imemfaa yeye zaidi kuliko yule bibi.

Ubingwa wa fani moja una heshima yake, siupingi. Ila ukiwa na swali ambalo kila fani inajibu kipande tu, usilikate ili litoshe kwenye idara.

Anthropolojia si elimu ya wakoloni?

Swali la haki, na usimwamini anayelipuuza. Serikali ya Waingereza Tanganyika iliwatumia wanaanthropolojia ili itawale vizuri zaidi. Miaka ya 1930 kulikuwa na jaribio Iringa la kumweka mtafiti na afisa wa wilaya pamoja, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, na matokeo yake yakachapishwa 1935. Baadaye Hans Cory aliajiriwa na serikali kukusanya mila na sheria za makabila. Baada ya uhuru vyuo vingi vya Afrika viliitazama fani hii kwa shaka, na sosholojia ndiyo iliyopewa nafasi.

Historia hiyo ina upande wa pili. Jomo Kenyatta aliisoma fani hiyohiyo kwa Malinowski, London, akaitumia kuwatetea Wagikuyu na ardhi yao katika kitabu chake cha 1938. Na hapa jirani, Bagamoyo, katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na mradi wa Jipemoyo, ambao Marja-Liisa Swantz wa Finland aliuongoza pamoja na watafiti wa Kitanzania. Swantz alikuwa amekwisha kuishi na Wazaramo na kuandika kuhusu matambiko yao. Jipemoyo ilikwenda mbele zaidi: wanakijiji walikuwa watafiti pia, wakijadili matokeo na kuyatumia. Utafiti shirikishi ambao leo kila shirika linautaja ulipata sehemu ya mizizi yake katika vijiji vya Bagamoyo. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii wa Tanzania anayeambiwa kwamba mbinu hiyo imetoka ng'ambo tu, ana haki ya kusahihisha.

Ustawi wa jamii nao si msafi kupita kiasi. Ulikuja na mawazo ya kigeni kuhusu familia: baba, mama na watoto wao chini ya paa moja. Ndiyo maana wakufunzi wa Afrika walianzisha umoja wao Addis Ababa mwaka 1971, wakitaka mafunzo yatokane na maisha ya Waafrika. Na ndiyo maana tafsiri ya kimataifa ya taaluma hii, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inataja maarifa ya wenyeji kuwa mojawapo ya misingi yake.

Nianzie wapi nikiwa Tanzania?

Njia ya kawaida ni kuanza na moja na kuongeza ya pili kwenye uzamili. Kwa ustawi wa jamii, chuo kikongwe ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Chuo Kikuu Huria nacho kinafundisha ustawi wa jamii, na kwa kuwa kina kituo Tanga, afisa aliyeko kazini anaweza kusoma bila kuacha ajira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, na hapo ndipo wengi huongezea upande wa pili.

Ushauri wangu: kama bado hujaanza digrii ya kwanza, anza na ustawi wa jamii. Utapata fildi ya kweli mapema, utajifunza kusikiliza mtu anayelia, kuandika taarifa ya shauri, kusimama mbele ya hakimu. Hayo ni magumu kuyapata ukubwani. Nadharia za anthropolojia unaweza kuzisoma ukiwa na miaka thelathini na bado zikakuingia vizuri, pengine vizuri zaidi kwa kuwa una watu wa kuwafikiria unapozisoma.

Kuna mahali zinafundishwa kama shahada moja?

Marekani zipo. Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, kina uzamivu wa ustawi wa jamii na anthropolojia kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Michigan kina uzamivu wa pamoja wa ustawi wa jamii na sayansi za jamii, ulioanza 1957, na mwanafunzi huchagua fani ya pili, anthropolojia ikiwa mojawapo. Uingereza na sehemu nyingi za Ulaya utalazimika kuunda mwenyewe: idara moja, wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila upande.

Pima muda. Uzamivu wa Marekani mara nyingi huchukua miaka mitano hadi saba, maana kuna masomo ya darasani ya fani zote mbili kabla ya fildi. Wa Uingereza ni mitatu au minne na unaingia kwenye utafiti mapema. Wa nyumbani una faida ambayo vijana huidharau: uko karibu na watu unaowatafiti, na huhitaji kuwaaga.

Nani atanilipia?

Kwa fildi ya uzamivu katika anthropolojia, mfuko wa Wenner-Gren wa New York hupokea maombi ya wanafunzi wa nchi yoyote. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hutoa ufadhili wa kusoma hapa Afrika na Ujerumani pia. Kama tayari umeajiriwa na chuo kilicho mwanachama wa CARTA, mtandao wa vyuo vya Afrika unaofunza watafiti wa afya ya jamii, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na utafiti wako unagusa afya ya jamii, waombe. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lenye makao Dakar, lililoanzishwa 1973, limewasaidia watafiti wengi vijana.

Kwenye andiko lako la kuomba fedha usijigawe nusu kwa nusu. Kila mfadhili ana wasomaji wa fani yake. Ukiwaandikia Wenner-Gren, swali liwe la anthropolojia na ustawi wa jamii uwe ndio mlango wako wa kuingilia. Ukiuandikia mfuko wa afya, geuza.

Idara gani itaniajiri?

Hapa ndipo wengi hukwama. Chuo kinaajiri mtu wa idara, na kamati ya upandishaji vyeo itauliza machapisho yako ni ya fani gani. Ngazi ni zilezile: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Matangazo mengi ya vyuo vya umma hutaka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa ya uzamili. Kwa hiyo ukiongeza fani ya pili kwenye masta, usiichukulie kama ya pembeni, maana alama zake ndizo zitakazokufungulia au kukufungia mlango.

Chagua idara mama mapema na uitumikie kwa moyo: fundisha kozi zake za msingi, simamia wanafunzi wake, ingia kwenye vikao vyake. Kisha jenga daraja. Idara za ustawi wa jamii zina uhaba wa watu wanaoweza kufundisha mbinu za utafiti wa kimaelezo, ule wa mazungumzo na kutazama badala ya takwimu, kwa undani, na idara za anthropolojia zina uhaba wa watu wanaojua sheria ya mtoto. Ukiweza hayo utahitajika pande zote. Ila soma tangazo la kazi neno kwa neno. Cheti kikiitwa kwa jina ambalo halimo kwenye tangazo, mchujo wa kwanza unaweza kukutoa kabla hujaonwa na mtu.

Nikiwa mtafiti nikigundua mtoto anaumizwa, nifanyeje? Niliahidi usiri.

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa ya eneo hilo. Haikumwacha mtafiti nje. Kwa hiyo ahadi ya usiri usio na mpaka hukuwa na ruhusa ya kuitoa tangu mwanzo. Mpaka huo useme mlangoni, kabla ya swali la kwanza, kwa maneno mepesi: “Utakayoniambia sitamwambia mtu, isipokuwa nikisikia mtoto au mtu mwingine yuko hatarini. Hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kabla sijafanya hivyo.” Wanafunzi huogopa kwamba maneno haya yatawafunga watu midomo. Wapo watakaonyamaza. Wengi nimewaona wakifanya kinyume chake: wanaongea zaidi, kwa sababu wamejua huyu mtu akisikia jambo zito hatalikalia.

Ukishasikia, usigeuke mpelelezi. Usimhoji mtoto mara ya pili ili upate uhakika. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, na kila anaporudia kusimulia anaumia. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mjulishe msimamizi wako siku hiyohiyo. Andika ulichokiona na ulichofanya, tarehe na saa.

Hayo ni kwa jambo lililo wazi. Mengi hayako wazi hivyo. Mvulana anayebeba ndoo za samaki alfajiri kwenye mwalo wa Deep Sea kabla ya shule: je, anatumikishwa, au anafundishwa kazi na baba yake kama baba alivyofundishwa? Unahitaji kujua analala saa ngapi, anapata nini, anafika shule au hafiki, anacheka na nani. Mwanaanthropolojia aliyekaa mwaloni miezi atajua. Mgeni wa siku moja ataandika utumikishwaji wa watoto na kuondoka, au atasema ni mila yao na kuondoka. Yote mawili ni uvivu.

Au msichana wa miaka 15 ambaye kwao wanaandaa harusi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliona vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ukiwa mtafiti kwenye unyago wa nyumba hiyo umealikwa kwa heshima, umepikiwa, umeitwa mwanangu. Kuelewa kwa nini mama yake anaharakisha, pengine kwa hofu ya mimba, pengine kwa deni, ni kazi yako. Kukaa kimya si sehemu ya kuelewa. Mimi nasimama hapa: heshima niliyopewa na wenyeji wangu naithamini sana, na bado haizidi mwili wa mtoto. Zungumza na mama kwanza, na shangazi, na kungwi wake, kwa kuwa ndio wenye uwezo wa kulisimamisha jambo bila kuivunja nyumba. Wakikataa, nenda mbele, na wajue kwamba unakwenda.

Vibali vikoje?

Virefu, vianze mapema. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, ndiyo inayosimamia vibali vya utafiti, na vyuo vikuu vyenye mamlaka hiyo huwaandikia barua watu wao wenyewe. Ukigusa afya, utahitaji idhini ya maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ina vituo mkoani kwetu, Tanga mjini na Amani, Muheza. Kisha unashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa au mwenyekiti wa kijiji, mjumbe. Usiruke hata mmoja. Mjumbe aliyerukwa anaweza kufunga milango ambayo katibu tawala ameifungua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, majina na rekodi za sauti za watu vinahitaji ulinzi wa kweli, si folda ya kompyuta inayoazimwa na kila mtu.

Niwalipe ninaowahoji?

Nauli yake na muda wake aliouacha kazini vifidie, na kiasi kiwe kimekubaliwa na kamati ya maadili. Usilipe habari. Kwenye nyumba unayorudi mara kwa mara, fuata desturi: sukari, sabuni, mchango wa msiba ukitokea. Mtafiti ambaye haonekani msibani asitarajie kuambiwa mambo ya nyumbani.

Mwanamume anaweza kutafiti mambo ya wanawake wa pwani?

Baadhi. Ndani ya unyago hataingia wala asijaribu. Lakini anaweza kuongea na waume, wajomba, walimu wa madrasa, na wauguzi, na akafanya kazi na mtafiti mwenzake wa kike, jina lake likitokea kwenye makala kama mwandishi, si kwenye shukrani. Mwanamke naye ana milango yake iliyofungwa, jando kwanza.

Ni lazima nijue Kidigo au Kisambaa?

Tanga mjini na Pangani Kiswahili kinakutosha kwa mengi. Ukienda Mkinga kwa Wadigo au Lushoto kwa Wasambaa, jifunze hata kama hutafika mbali. Mzee akianza kusimulia ugomvi wa shamba atarudi kwenye lugha yake panapouma, na pale ndipo ulipokuja kusikiliza. Usimfanye mtoto wa nyumba kuwa mkalimani wa mambo ya wakubwa wake.

Mada gani zinafaa fani zote mbili?

Huku hazihesabiki. Nitaje chache ninazotamani mtu azichukue.

Mashamba ya mkonge. Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, na kwa miongo mingi manamba, vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali, Kigoma, kusini, hata nje ya mipaka. Kwenye kambi za zamani wapo wazee waliozeeka bila mjomba wala shangazi wa karibu. Sera ya wazee inaitegemea familia iwatunze. Familia ipi? Nani amekuwa ndugu yao, na ndugu huyo anatambuliwa na ofisi gani? Hapa nadharia ya udugu na huduma ya wazee ni swali moja.

Heroini. Tanga, kama miji mingine ya pwani, imeumizwa nayo. Methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na huduma ikafika mikoani. Dawa hii kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Kijana anayekaa mbali atapata wapi nauli ya kila siku, na mwajiri gani atamvumilia asubuhi zote hizo? Ukitaka kujua kwa nini mtu ameacha dawa, panda naye daladala.

Fedha za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali. Bagamoyo ilikuwa moja ya wilaya tatu za majaribio ya ruzuku kwa kaya maskini, pamoja na Kibaha na Chamwino, ambapo malipo yalianza mwaka 2010. Wanakijiji ndio waliotaja walio maskini. Maneno yaliyobaki kijijini kati ya aliyetajwa na aliyeachwa ni mada ya miaka.

Majaribio ya chanjo. Korogwe na Bagamoyo zilikuwa kati ya vituo 11 vya Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Mama aliyetia sahihi ridhaa alielewa nini? Alimuuliza nani nyumbani kabla ya kutia?

Konsaltansi za mashirika zitaniharibu?

Zitakulisha, na mhadhiri kijana ana ndugu wengi wanaomtegemea, kwa hiyo sitakwambia uzikatae. Hatari ni kuzoea siku kumi za fildi na ripoti yenye mapendekezo yaliyojulikana kabla hujasafiri. Jiwekee kijiji au mtaa mmoja unaorudi kwa miaka, uwe na pesa ya mradi au usiwe nayo. Kazi hiyo ya polepole ndiyo itakayokupa uprofesa, na ndiyo itakayokuwezesha kuona pale ripoti za haraka, zako zikiwemo, zinapokosea.

Nichapishe wapi, na kwa lugha gani?

Jarida la ustawi wa jamii la Afrika linaloitwa African Journal of Social Work, linalotolewa na wenzetu wa Zimbabwe, hupokea kazi za aina hii. Upande wa anthropolojia inayotumika, Human Organization la chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1941 linafaa. Pishanisha: makala moja huku, nyingine kule, ili kamati ya idara isikose cha kuhesabu.

Kiingereza kitakupandisha cheo. Kiswahili andika pia, kwa kurasa chache zinazosomeka, na uzipeleke kwa mtendaji, kwa afisa ustawi, na kwa nyumba zilizokupokea. Nimeona mama wa Makorora akisoma kwa sauti karatasi kuhusu mtaa wake, akasimama katikati, akasema hapa umekosea, sisi hatukopi kwa huyo. Hakuna mhakiki wa jarida angeligundua hilo.

Nina watoto wadogo. Mwaka mzima wa fildi nitauwezaje?

Mwaka si lazima uwe mfululizo, wala ugenini. Wanawake wengi wamefanya fildi nzuri kwa vipindi, au mtaani kwao. Mtoto akiwa nawe mara nyingi atakufungulia mazungumzo ambayo barua ya chuo haifungui: kuhusu homa, kunyonyesha, nani wa kumwachia. Ila mweleze msimamizi mpango huo tangu kwenye andiko, na uombe gharama za malezi ziingie kwenye bajeti ikiwa mfadhili anaruhusu. Wapo wanaoruhusu, na hawatakwambia usipouliza.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii wilayani. Naweza kuanza sasa?

Ndiyo, na una kitu ambacho mwanafunzi wa uzamivu kutoka mbali angelipia: watu wanakujua. Anza kuandika kila jioni yale ambayo fomu haikuyauliza. Nani alikuwepo, nani alijibu kwa niaba ya nani, chakula kilitoka jiko lipi, kilisemwa nini ulipokuwa unavaa viatu kuondoka. Daftari hilo liwe la kujifunzia wewe, bila majina, na lisichanganywe na mafaili ya ofisi. Aliyekuja ofisini alikuja kuomba msaada, hakukubali kuwa sehemu ya utafiti. Siku utakapotaka kuyatumia mashauri hayo kwenye tasnifu, omba ruhusa ya mkurugenzi na idhini ya kamati ya maadili, kisha rudi kwa wahusika mmoja mmoja ukiwa mtafiti, uwaombe upya. Atakayekataa, faili lake liache, na huduma yake iendelee kama kawaida.